Utoro kazini: daftari la mahudhurio halijui kila kitu

Utoro kazini ukijadiliwa, mara nyingi tunamwona mwajiri upande mmoja na anayekosekana upande wa pili. Anayesahaulika ni yule aliyefika. Chukua meza ya kufungasha bidhaa inayohitaji watu wanane, na asubuhi wamefika sita. Msimamizi anakagua daftari la mahudhurio, anapiga simu mbili hazipokelewi, kisha anamwendea mfanyakazi ambaye anajua hatakataa. Huyo ndiye aliyebaki jana hadi usiku, na leo anaambiwa tena, "Tusaidie kidogo." Mambo yakienda hivyo miezi kadhaa, hata hodari hujifunza kutegea, maana ameona kwamba anayefika kila siku hulipwa kwa kuongezewa mzigo.

Kwa hiyo wanaotaka utoro ubanwe wana hoja nzito, na wanaodhani ni ukatili wa mameneja tu hawajawahi kufanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Wana ushahidi pia. Mwaka 2005 Andrea Ichino na Regina Riphahn walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wapya wa benki moja kubwa ya Italia. Katika miezi mitatu ya majaribio, ambapo ilikuwa rahisi kumwachisha mtu kazi, siku za kukosekana zilikuwa chache. Ajira ilipothibitishwa zikapanda, hasa kwa wanaume. Maradhi hayangoji barua ya kuthibitishwa kazini, kwa hiyo ni wazi kwamba sehemu ya kukosekana ni uamuzi wa mtu.

Lakini takwimu hizo hizo zinasomeka pia kwa upande wa pili. Huenda wakati wa majaribio walikuja kazini hata waliopaswa kulala. Hilo nalo lina gharama yake. Utafiti wa muda mrefu wa watumishi wa serikali jijini London, uliochapishwa pia mwaka 2005, uliwaangalia wanaume wenye afya dhaifu. Ambao hawakuchukua hata siku moja ya ugonjwa walipata matatizo makubwa ya moyo karibu mara mbili ya wenzao waliochukua mapumziko ya wastani. Daftari lililojaa tiki si lazima liwe la watu wenye afya njema.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa kanuni za hesabu. Ofisi nyingi hutumia kipimo kiitwacho Bradford: idadi ya mara mtu alizokosekana kwa mwaka inazidishwa kwa yenyewe, kisha inazidishwa kwa jumla ya siku. Aliyelazwa siku kumi mfululizo anapata 1 × 1 × 10, yaani alama 10. Aliyekosekana siku moja moja mara kumi anapata 10 × 10 × 10, yaani alama 1,000. Siku ni zile zile kumi. Mantiki yake si mbaya, kwa sababu kukosekana kwa ghafla huvuruga ratiba kuliko likizo ndefu ambayo unaweza kuitafutia mtu wa kushika nafasi. Ila mwenye selimundu, mwenye kipandauso, au mzazi wa mtoto anayebanwa na pumu huugua au huuguza kwa mtindo huo huo wa siku moja moja. Kipimo kinamweka kundi moja na anayekosekana kila Jumatatu kwa sababu ya ulevi. Na ikiwa alama zinatoa barua ya onyo zenyewe, bila mtu kuuliza, kosa ni la mwajiri.

Zawadi nazo haziaminiki sana. Katika kampuni moja yenye maduka mengi nchini Ujerumani, watafiti waliwapa baadhi ya vijana wanaojifunza kazi bonasi ya fedha kwa mahudhurio mazuri. Waliopewa wakakosekana zaidi kuliko wasiopewa. Maelezo ya watafiti yananiingia akilini: kufika kazini ukikugeuza kuwa jambo la kulipiwa ziada, unawaambia watu kwamba kutofika ni jambo la kawaida.

Ninachokiunga mkono ni mazungumzo siku ile mtu anaporejea, na msimamizi wake wa karibu, kwa kila mtu, wakubwa wakiwemo. Ulikuwa na nini, umepona, kuna kitu hapa kazini kinachochangia? Mtu mwenye shida halisi hupata pa kuisemea. Anayedanganya hulazimika kudanganya uso kwa uso, tena na tena, na wengi huchoka. Akiendelea, basi onyo, barua, na kikao cha nidhamu. Sioni haya kusema hivyo. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema kukosekana kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kinga hiyo haimhusu asiye mgonjwa.

Kuna pia utoro tunaoutengeneza wenyewe. Mahali ambapo ruhusa ya saa mbili inahitaji sahihi tatu na maswali ya aibu, mtu huona heri aseme anaumwa siku nzima. Mwajiri anapoteza saa nane badala ya mbili. Kuruhusu watu wabadilishane zamu kwa kumjulisha tu msimamizi kungemaliza sehemu ya tatizo hili bila adhabu yoyote.

Nirudi kwa aliyefika. Sera yoyote ya utoro isiyosema nani anaziba pengo, kwa zamu gani na kwa malipo gani, haijakamilika, hata kama kurasa zake zote zimejaa hatua za nidhamu. Iwepo orodha inayozunguka, ili simu ya dharura isimwangukie yule yule kila mara. Saa zake za ziada ziandikwe siku hiyo hiyo na zilipwe mwisho wa mwezi, bila kusubiri akumbushe.