Kabla ya Kuiita Fangasi Sugu

Hapa Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Mikindani, "fangasi sugu" limeshakuwa neno la biashara. Mwanamke akiwashwa anakwenda duka la dawa, anauziwa klotrimazoli ya kuweka ukeni, anapata nafuu siku nne, mwezi ujao yuko palepale. Mimi nasema nyingi ya hizo zinazoitwa sugu hazijawahi kupimwa hata mara moja.

Uke una walinzi wake, bakteria waitwao laktobasili. Hutengeneza asidi ya laktiki inayoweka pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, bakteria wengine hujaa na pH hupanda kupita 4.5. Hiyo si fangasi. Utoko huwa mwepesi, wa kijivu, wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, na watu wa pwani hatufundishwi shombo. Fangasi huja na utoko mzito mweupe kama maziwa mgando, muwasho mkali na wekundu, bila shombo, na pH kwa kawaida haibadiliki. Ukiona utoko wa kijani wenye povu, fikiria trikomonasi, kimelea cha zinaa.

Mwenye shombo akitumia klotrimazoli amepoteza pesa; anayohitaji ni metronidazoli, dawa ya bakteria, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mwenye fangasi akipewa metronidazoli, fangasi haiguswi kabisa. Amoksilini, antibiotiki ya kumeza, ndiyo mbaya zaidi: inamezwa kwa mafua yasiyoihitaji, inaua walinzi, na fangasi iliyokuwa imetulia inapata uwanja.

Kipimo chenyewe si kikubwa. Utoko kidogo kwenye kioo, tone la maji ya chumvi, kingine kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kisha darubini. Inayorudi ipimwe pamoja na sukari na VVU. Ikigoma kusikia dawa, ioteshwe maabara, kwani aina ya fangasi kama kandida glabrata huishinda flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, mara nyingi.

Inayorudi kweli ni ile iliyothibitishwa mara 3 au zaidi ndani ya mwaka. Matibabu yake, kwa usimamizi wa daktari, ni flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha 150 kila wiki kwa miezi 6. Wengi huacha muwasho ukiisha, na hapo ndipo inaporudi. Mjamzito asimeze, atumie ya kuweka ukeni kwa siku 7.

Hapa shikamooni makungwi wetu, ila mniwie radhi. Mwali akifundwa kuingiza kidole chenye sabuni, shabu au limau ili awe mkavu na "msafi", anafundwa kufukuza walinzi. Shabu hukausha na kuchubua, na penye mchubuko VVU hupita kwa urahisi. Ndani hujisafisha penyewe. Maji matupu yaishie nje. Unyago una mengi mazuri ya kurithishwa, hili moja liondolewe.

Ukienda kupima, iwe hospitali ya Ligula au kituo cha afya cha jirani, usijioshe ndani wala kuweka dawa siku mbili kabla, na subiri hedhi ikauke: dawa ya jana huficha fangasi kwenye darubini, na damu, sawa na shahawa, hupandisha pH hata kwa asiyeumwa.