Dubu wa Yellowstone na mabanda ya kuku

Hii vita ya Wamarekani kuhusu dubu ukiisikia juu juu utadhani ni simpo tu, watu wa mjini wanapenda wanyama, wafugaji wanataka kuwapiga risasi, basi. Kumbe sivyo, mi nimeifuatilia muda sasa na kila nikidhani nimepata upande wa kukaa najikuta nahama.

Hesabu ziko hivi. Mwaka 1975 grizili, wale dubu wakubwa wa kahawia, waliwekwa chini ya sheria ya wanyama walio hatarini kutoweka manake eneo lote la hifadhi ya Yellowstone, magharibi mwa Marekani, walikuwa wamebaki kama 136. Lengo likawekwa wafike 500. Leo wako kama 1,000. Sasa mfugaji wa jimbo la Wyoming anauliza, mliniambia nivumilie mpaka wafike, wamefika na wamepitiliza mara mbili, mbona bado? Serikali kuu iliwatoa kwenye ulinzi 2007, mahakama ikawarudisha 2009, wakatolewa tena 2017, Wyoming ikapanga kuwinda hadi 22, jaji akapiga stop 2018. Wyoming ikaomba tena 2022 watolewe, Januari 2025 ikakataliwa. Ungekuwa wewe ndo mwenye ng'ombe ungechoka.

Ila na wale wa upande wa pili hawajatoa hoja hewani. Grizili jike anaanza kuzaa akiwa na miaka kama mitano, na akishazaa anakaa na watoto miaka miwili mitatu kabla ya uzao mwingine, kwa hiyo ukiua majike wachache kimakosa pengo unalisikia miaka mingi. Halafu dubu wa Yellowstone wamejitenga, hawakutani na wenzao wa kaskazini kule hifadhi ya Glacier, mpaka 2024 ikabidi wawili wabebwe toka huko waletwe ili damu ichanganyike. Na kuna suala la kuaminiana: dubu wakitolewa kwenye ulinzi wanakuwa chini ya majimbo, sasa jimbo la Montana lilivyolegeza sheria za kuua mbwa mwitu 2021, mitego ya waya ikaruhusiwa, watu wakajiuliza hawa ndo tuwakabidhi dubu?

Kinachonishangaza mimi ni kwamba kelele zote ziko kwenye kuwinda, wakati dubu wengi wanaoingia matatani wanaanzia kwenye vitu vya ajabu kabisa, kuku kwa mfano. Mtu anahamia Montana, anajenga nyumba yake nzuri karibu na msitu, anaweka kibanda na kuku sita na gunia la pumba, usiku dubu anakuja anang'oa mlango. Akishaonja atarudi, akihamishwa anaweza kurudi vilevile, mwisho anauawa. Kwa kuku sita jamani! Na dawa yake ni nyaya chache za umeme, manake dubu hutanguliza pua, na pua yake ina majimaji, akipigwa shoti hapo harudii.

Hili wanalijua zamani. Zamani ndani ya hifadhi yenyewe kulikuwa na mabenchi kabisa ya watalii kukaa kuangalia dubu wakila taka za hoteli. Dampo zilipofungwa karibu na 1970, dubu waliokuwa wamezoea wakahamia kambini na mitaani, wakauawa wengi. Hata yule grizili jike maarufu aliyeitwa kwa namba yake ya utafiti, 399, aliyegongwa na gari akafa Oktoba 2024 akiwa na miaka 28, mwanae mmoja aliuawa na maofisa 2022 kwa sababu ya kuzoea vyakula vya watu.

Kwa hiyo ya mabandani sina huruma sana, weka fensi. Ng'ombe ndo kazi, huwezi kuzungushia waya mlima mzima. Wyoming inalipa fidia, na kwa ndama aliyethibitishwa kuliwa inaweza kufika mara 3.5 ya bei kwa kuwa wengi hawapatikani hata mfupa, ambayo ukilinganisha na kifuta jasho chetu Tanzania ni hela ya maana, lakini mfugaji hakufuga ili alipwe fidia. Bonde la Blackfoot kule Montana wana gari linapita kuokota mizoga ya ng'ombe waliokufa wenyewe, isije ikawa karamu ya dubu karibu na zizi. Mi hela ya kesi zote hizo ningeipeleka kwenye mafuta ya hilo gari kwanza, ya kuwinda tukaja kubishana baadae.