Ndoo Si Mahali pa Mundu

Kijana anayemsaidia jirani yangu bustanini ameshonwa nyuzi wiki hii. Alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya zana akitafuta kijiko cha kupandikizia miche, akakutana na makali ya mundu. Kila aliyempa pole alimaliza kwa kumwambia awe mwangalifu. Mwangalifu vipi, wakati panga, mundu, mkasi na koleo vimerundikwa pamoja kwenye matope?

Jamani, tengenezeni kisanduku cha mbao cha kubebea zana. Ubao wa inchi moja kwa nane wenye urefu wa futi 8 unatosha: futi mbili kila ubavu, futi mbili kitako, na vipande viwili vya futi moja moja vinavyosimama huku na huku kushika mpini. Ukitenga chumba cha vyenye makali, kila mkono unajua unakokwenda.

Haya, ndoo ni rahisi kupatikana, na samadi hata mimi naibebea humo. Zana hapana.

Sasa niseme kinachoniudhi kwa mafundi wetu: kitako. Wengi wanakipigilia kwa chini. Nilipomuuliza mmoja, akanijibu, "Mama, hata hivi itashika." Itashika mpaka lini? Ukipigilia kwa chini, uzito wote wa zana unauvuta msumari urudi kulekule ulikoingilia. Mbao ikikauka na kusinyaa, msumari unalegea, na siku moja unanyanyua mpini huku kitako kimebaki na zana chini. Kiingize kitako katikati ya mbavu, upigilie kwa ubavuni. Hapo msumari umelala, uzito unaukalia, hauuchomoi. Misumari ni ileile na muda ni uleule. Basi kwa nini mteja auziwe kitu kitakachomwangukia miguuni?

Vile vipande vya kushika mpini navyo, nyuzi za mbao zisimame wima. Zikilala, mpini utapasua sehemu ya juu, na misumari ya mbavuni itaingia kwenye ncha za nyuzi, ambako haishiki vizuri. Tundu la mpini liwe chini ya ukingo kwa vidole viwili au zaidi. Mbao iliyokauka itoboe kwanza kwa keekee nyembamba ndipo upige msumari, la sivyo inapasuka. Mpini wenyewe tafuta mti wa mpera, ni mgumu na haukatiki ovyo.

Usinunue mninga kwa kazi hii. Mti ule unachukua miaka mingi kukua, na paina za shamba la miti la Sao Hill, kule Mufindi, zinatosha kabisa. Ila vipande vya mbao za kijani vilivyobaki baada ya kujenga paa viache. Nyingi ya mbao hizo zimetiwa dawa yenye sumu ya shaba, kromiamu na aseniki, na mkono unaoshika kisanduku ndio unaochuma mchicha. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi msipake oili chafu, hata kama mtaa mzima unaisifu kwa kufukuza mchwa.

Mchwa wanafuata mbao iliyolala kwenye udongo. Toboa kitako matundu machache ili maji na mchanga vitoke, na jioni ukimaliza kazi kitundike kisanduku ukutani kwa mpini wake.