Wakfu wa Winchester na nyumba zetu za Mji Mkongwe

Kuna kauli nimeichoka. Tukikutana Waswahili wa huku Uingereza, chai ikishamiminwa, lazima atokee mmoja aseme Wazungu wanawatupa wazee wao. Mimi siku hizi humjibu apande treni mpaka Winchester, afuate njia ya miguu kando ya mto Itchen, aende akaione St Cross. Akirudi tutaendelea na mjadala.

St Cross inaitwa hospitali, lakini usitarajie kukuta daktari wala sindano. Zama zile nyumba za namna hii zilikuwa za kupokea masikini, wasiojiweza na wasafiri: upewe kitanda, ule, usaliwe. Aliyeiasisi, katika miaka ya 1130, ni Henry wa Blois, askofu wa Winchester, mjukuu wa William Mshindi na ndugu wa Mfalme Stephen. Alitaka masikini 13 wakae ndani, na wengine 100 walishwe kila siku. Karibu miaka 900 imepita na wazee bado wamo, wapatao 25, kwa desturi wanaume wajane, waliotalikiana au wasiooa. Wenyewe wanaitana Ndugu. Utawaona wanapita uani na majoho yao, wengine meusi yenye msalaba wa fedha kifuani, wengine mekundu ya damu ya mzee.

Hayo majoho mekundu yana kisa. Karne ya 15 Kadinali Henry Beaufort aliongeza kundi la pili, akaliita la umasikini wa kiungwana: watu waliokuwa nacho kisha wakafilisika. Mswahili hahitaji somo hilo. Sote tunamjua mzee wa mtaani ambaye kanzu yake imepigwa pasi na ndani hakuna unga, na hatothubutu kuomba. Beaufort alimjengea mtu huyo nyumba, na ukiitazama unaona alimfikiria. Badala ya bweni moja la vitanda mistari kwa mistari, ni safu ya nyumba za ghorofa moja, mabomba marefu ya moshi yamejipanga juu ya paa, kila mzee ana mlango wake na ufunguo wake. Dhiki yake imesitiriwa nyuma ya mlango. Ua wa nyasi uko katikati, na kila kitu kinautazama: nyumba, ukumbi wa kulia wenye meko katikati ya sakafu, mnara wa lango, na kanisa.

Kanisa lenyewe ni kubwa kupita kiasi kwa watu wachache hivyo. Lilianza karne ya 12, likachukua zaidi ya miaka mia kumalizika, na kuta zake zinazidi unene wa mita moja. Mawe mengine yalivushwa bahari kutoka Caen, Ufaransa. Mimi Muislamu, sikwenda kusali, lakini nilikaa humo muda mrefu. Upande wa mashariki matao ni ya duara yenye nakshi za meno meno. Ukisogea magharibi yanaanza kuchongoka. Unaona kabisa mafundi wanabadilisha mawazo huku ujenzi unaendelea.

Halafu kuna lile jambo la langoni. Msafiri yeyote akiomba, anapewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha pembe chenye bia. Lazima uombe, usipoomba hupewi. Mkate niliuchukua, bia nikamwachia Mskoti niliyekuwa naye, hakulalamika.

Sasa msinielewe kwamba nawasifu Waingereza kwa uaminifu. St Cross imeibiwa, tena sana. Karne ya 14 Askofu William wa Wykeham ilimbidi awafuate kisheria wakuu wa nyumba waliokuwa wakila mapato na kuacha majengo yaoze. Karne ya 19 ikarudia: Francis North, Bwana wa Guilford, alipewa ukuu wa St Cross mwaka 1808 na askofu ambaye ni baba yake mzazi, akafaidi kodi za mashamba miongo kwa miongo. Kesi ikafika mahakamani, akahukumiwa mwaka 1853, akaondoka 1855. Nikisoma habari hizi nacheka peke yangu. Mutawalli, msimamizi wa wakfu, anayeula wakfu wenyewe! Nilidhani huyo ni wa kwetu tu.

Na hapa ndipo ninapogombana na wanaosema kinachotuzuia Zanzibar kutunza wazee na nyumba namna hii ni umasikini. Utaratibu tulikuwa nao. Wakfu ni uleule: mtu anatoa nyumba au shamba, mali yenyewe haiuzwi, mapato yanakwenda kwa wahitaji. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na ramani yake si ngeni na ile ya Winchester, ua katikati na vyumba kuuzunguka, isipokuwa vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kodi ya pango ikiwa ya kutupa, hakuna fedha ya chokaa. Bila chokaa maji yanaingia ukutani, boriti zinaoza, kisha anakuja fundi wa bei rahisi anapiga saruji juu ya jiwe la matumbawe, unyevu unafungiwa ndani, ukuta unakufa polepole. Hatukuhitaji vita kuzibomoa. Beit el Ajaib, jumba la kifalme, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Sembuse nyumba ya wajane kichochoroni?

Tazameni ile Zahanati ya Zamani pale Mizingani, yenye roshani za mbao zilizochongwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887 akikusudia hospitali ya hisani. Alifariki 1891 kabla haijaisha, na baadaye ikanunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, ikawa zahanati. Baada ya Mapinduzi ikaachwa ikachakaa, mpaka miaka ya 1990 mfuko wa Aga Khan ulipoikarabati kwa ustadi mkubwa. Nashukuru. Lakini leo ni kituo cha utamaduni. Wageni wanapiga picha roshani. Tumeokoa mbao, hisani imepotea, na hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona na St Cross: kule kuta zimetunzwa kwa sababu kuna mzee anayelala ndani na paa likivuja analalamika.

Ndugu mmoja wa St Cross aliyenitembeza ukumbini aliniuliza wazee wetu wanakaa wapi. Nikamjibu kwa kujigamba: nyumbani, na watoto wao. "Na asiye na mtoto?" Nikamtajia nyumba za wazee za Welezo na Sebuleni, nikamtajia pensheni ya kila mzee aliyefika miaka 70 iliyoanza Zanzibar mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Sikumwambia kwamba na watoto wenyewe wengi tuko huku.

Pendekezo langu ni dogo. Nyumba za wakfu zinazotazama barabara za watalii zipangishwe kwa bei ya kweli, hesabu zibandikwe mlangoni kila mwaka, na sehemu ya vyumba ibaki kwa wajane na wazee wa mji, kila mmoja na ufunguo wake. Najua atatokea mtu aulize: na ngazi zile kali, bibi wa miaka 80 atapandaje? Basi akae chini, duka lipande juu. Wenye maduka watapiga kelele, wacha wapige.