Aina orodheshwa katika Python: mailo ndani, wilaya nje

Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, lugha ya programu ya Python ina moduli ya aina orodheshwa (Enum), yaani aina ya data ambayo thamani zake zote hutajwa kwa majina tangu mwanzo. Wapo wanaoitaka kila mahali, na wapo wanaoona kwamba maandishi ya kawaida yanatosha. Kwetu Uganda, mfano wa daftari la ardhi unawafaa wote wawili.

Katiba ya mwaka 1995 inatambua mifumo minne ya kumiliki ardhi, ukiwemo wa mailo, yaani umiliki wa kudumu unaopatikana hasa Buganda. Orodha fupi namna hiyo, tena iliyofungwa na sheria, inaifaa Enum kabisa. Karani akiandika "maillo", programu inayotegemea maandishi matupu itapokea na kuhifadhi, na kosa litajulikana siku kiwanja kitakapokosekana kwenye ripoti. Ilhali tukiwa na Enum ya mifumo hiyo tuliyoiita Umiliki, Umiliki("maillo") husimamisha kazi papo hapo kwa hitilafu ya ValueError.

Hata hivyo, wapinzani wana hoja nzito. Umiliki.MAILO == "mailo" hutoa jibu la False bila onyo lolote, kwa hiyo katika programu kongwe iliyojaa ulinganisho wa maandishi, kubadili nusunusu ni hatari kuliko kutobadili kabisa. Moduli ya json, inayogeuza data kuwa maandishi ya kutumwa au kuhifadhiwa, nayo huikataa Enum ya kawaida. StrEnum, yaani Enum ambayo thamani zake ni maandishi pia, iliyokuja na toleo la 3.11 mwaka 2022, huondoa kero zote mbili, ila thamani za aina mbili tofauti zikiwa na maandishi yaleyale huhesabiwa kuwa sawa, na hapo ulinzi uliotafutwa umepungua. Mimi ningeivumilia pale tu data inapoingia na kutoka.

Wilaya ni habari nyingine. Mwaka 1986 zilikuwa 33, leo zimezidi 130 (na ahadi za wilaya mpya haziishi majukwaani), kwa hiyo anayeziorodhesha ndani ya programu anajitwisha kazi ya kutoa toleo jipya kila Bunge linapogawa mipaka. Mahali pake ni jedwali la hifadhidata, kwa sababu wilaya ikiongezeka hakuna hesabu inayobadilika. Lakini mailo ikifutwa, kama baadhi ya watu wanavyodai, kanuni za busuulu (kodi ya ardhi anayolipa mpangaji) na kibanja (kipande cha ardhi anachokalia) zitalazimika kuandikwa upya kwa vyovyote vile. Na ukiliondoa jina hilo kwenye Enum, kila mstari unaolitaja utatoa AttributeError, hitilafu ya jina lisilokuwepo, mara utakapotekelezwa.