RTX 3060 yangu haitoki bado

Wanaojua kwamba natumia RTX 3060, kadi ya NVIDIA inayochora picha za gemu kwenye kompyuta yangu, yenye memori ya GB 12, huniuliza lini nitaibadilisha. Wengi huongeza ushauri papo hapo: chukua RTX 4060, ni ya kizazi kipya na haili umeme mwingi. Jibu langu ni kwamba sichukui. Nalisema kwa uzito kwa sababu naona watu wakitoa fedha walizozidunduliza kwa miezi mingi ili tu tarakimu mbili za mwanzo kwenye jina la kadi zisomeke 40 badala ya 30.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: 4060 ni kadi nzuri. Ilitoka katikati ya mwaka 2023, miaka miwili na ushee baada ya 3060, inatumia wati 115 pale ambapo yangu inakula 170, na kwenye gemu nyingi za 1080p (picha ya pikseli 1920 kwa 1080) inaipita yangu kwa takriban moja ya tano ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Anayeunda kompyuta kutoka mwanzo, hana kadi yoyote na bajeti yake haivuki hapo, sina neno naye. Hoja yangu ni kwa anayeing'oa 3060 ili aweke 4060.

Mtu huyo anapoteza GB 4 za memori. Njia ya kupitishia data kati ya memori na chipu nayo inapungua kutoka biti 192 hadi 128, kwa hiyo badala ya GB 360 kwa sekunde anapata 272. NVIDIA waliziba pengo hilo kwa kukuza kashe ya L2, ile memori ndogo ya haraka ndani ya chipu, kutoka MB 3 hadi MB 24, na kwenye 1080p ujanja huo unafanya kazi vizuri sana. Ila kashe haiongezi nafasi ya kuhifadhi. Memori ikishajaa, imejaa.

Na memori kujaa hakuonekani kwenye chati za wastani wa fremu, ndiyo maana watu hawaihofu. Wastani unaweza kusoma 60 na bado ukachukia unachokiona. Unaingia kwenye chumba, ukuta ulio mbele yako unabaki na ukungu kama picha iliyopigwa na kamera mbovu, unasubiri maandishi ya bango yasomeke, hayasomeki. Ukigeuka ghafla, picha inakwama kidogo halafu inaruka. Kinachotokea ni kwamba kadi imekosa pa kuweka picha za nyuso za vitu, sasa inazifuata kwenye RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama. Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: 4060 inatumia njia 8 tu za PCIe, si 16. Kwenye ubao mama wa kisasa wa PCIe 4.0 hutalijua hilo. Ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, unabaki na takriban GB 8 kwa sekunde, nusu ya ambazo kadi ya njia 16 ingezipata kwenye ubao huohuo. Sasa fikiria ni nani hasa wanaonunua kadi za daraja hili ili kuongezea nguvu kompyuta walizonazo. Ni wenye ubao wa zamani.

Mfano unaoniuma zaidi ni RTX 3070 ya mwaka 2020. Chipu yake ina nguvu kuliko yangu kwa mbali, lakini walimpa fundi hodari meza ndogo: GB 8. Leo kuna gemu ambazo mwenye 3070 analazimika kushusha ubora wa nyuso za vitu, huku mimi mwenye chipu dhaifu nikiuacha juu. Na GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ilikuwa tayari na GB 11! Sioni sababu ya kuwaamini watengenezaji wanaposema GB 8 zinatosha.

Hoja pekee ya 4060 inayonifanya nifikiri mara mbili ni fremu za kubuni, zile zilizokuja mwaka 2022 kwa kadi za kizazi cha 40 na DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu kwa akili bandia. Kadi inachora fremu mbili za kweli, kisha inatengeneza ya tatu ya kuwekwa katikati. Mwendo unakuwa laini, sikatai. Lakini ili ibuni ya katikati ni lazima kwanza iizuie kidogo ile ya pili, kwa hiyo mkono wako unabonyeza na skrini inachelewa kuitika. Ukianza na fremu 70 hutahisi kitu. Ukianza na 30, macho yanaona ulaini na vidole vinahisi uzito uleule wa 30. Tena kazi hiyo nayo inakula memori, kitu ambacho 4060 haina cha kugawa. Sehemu ya DLSS ninayoitegemea, ile ya kuchora picha ndogo na kuikuza, inafanya kazi kwenye kadi zote za RTX tangu za mwaka 2018, na maboresho yaliyotoka na DLSS 4 mwaka 2025 yamenifikia bila kununua chochote.

Kabla ya kuilaumu kadi, ichunguze kompyuta nzima. Fungua gemu inayokusumbua, simama mahali pazito, pale fremu zinapoporomoka, kisha shusha resolusheni kutoka 1440p hadi 1080p, hata 720p. Pikseli zinapungua kutoka milioni 3.7 hadi milioni 2.1, halafu hadi chini ya milioni moja. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, tatizo ni prosesa, na hata ukiweka kadi yenye nguvu maradufu, mtaa uliojaa watu ndani ya gemu utaendelea kukwama vilevile. Angalia pia kama RAM yako ni kijiti kimoja. Kuongeza cha pili kinachofanana nacho kumewaponya wengi waliodhani wanahitaji kadi. Na kama monita yako ni ya Hz 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, fremu zinazozidi 60 haiwezi kukuonyesha zote.

Vumbi nalo. Kadi ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na kadi iliyokaa miaka mitatu bila kusafishwa mapezi yake huwa yameziba. Ipulize, shikilia feni zisizunguke hovyo, na kama joto bado liko juu badilisha pasta kati ya chipu na kipoza joto.

Baada ya hayo yote, ile moja ya tano ninayoambiwa niinunue inabaki kitu gani? Ni kutoka fremu 50 hadi 60. Kwenye gemu nyingi naipata kwa kushusha vivuli daraja moja na kupunguza ukungu wa mbali, vitu ambavyo nikiwa mchezoni sivioni.

Wapo ninaowaambia wabadilishe, tena wasichelewe. Mwenye GTX 1060 ya mwaka 2016 au RX 580 ya mwaka 2017, ya AMD, mshindani wa NVIDIA, amekwisha kufikishwa ukingoni, na si suala la fremu tena. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinataka kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga ndani ya chipu yenyewe. Kadi hizo hazina, na hakuna mpangilio wa kushusha utakaozisaidia. Kwa upande wa NVIDIA, draiva (programu zinazoiendesha kadi) za kawaida za gemu kwa kizazi cha GTX 10 zilifikia kikomo Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu hadi Oktoba 2028. Mtu wa kundi hili akiniuliza kuhusu 3060 iliyotumika yenye GB 12, ninamwambia aichukue, mradi aione ikifanya kazi chini ya mzigo kwa nusu saa na asikie feni zake kabla ya kulipa.

Mimi nitaitoa yangu nitakapopata mambo mawili kwa pamoja: memori ya GB 16 na kasi inayokaribia maradufu. RTX 5060 Ti ya NVIDIA na RX 9060 XT ya AMD, zote za mwaka 2025, zimetimiza la kwanza, na la pili bado kwenye gemu ninazocheza. Anayeziendea aangalie boksi kwa makini, kwa sababu zote mbili zinauzwa pia zikiwa na GB 8 chini ya jina lilelile, na huo ni mtego wanaowatega wanunuzi wasiojua. Ile ya AMD inatumia njia 16 za PCIe na ile ya NVIDIA 8, kwa hiyo mwenye ubao wa PCIe 3.0 aanze na ya AMD. Apime pia urefu wa nafasi ndani ya kasha, kisha asome wati za pawasaplai yake kwenye kibandiko cha pembeni. Iwapo plagi za kadi hazitoshi, abadilishe pawasaplai yenyewe badala ya kuunganisha kwa adapta.