Kangaja wa kliniki ya meno

Nilikwenda kwa ajili ya jino, nikatoka naumwa na kitu kingine kabisa.

Kliniki yenyewe iko huku Nairobi, safi, viti vya ngozi, televisheni imezimwa sauti. Pembeni mwa meza ya mapokezi kuna tangi la maji chumvi. Mimi nikiona tangi sikai, huinama kwanza. Nikainama. Ndani kuna kangaja wa buluu mmoja, wale wenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano kama embe bivu. Anakwenda kutoka kioo hadi kioo. Nilihesabu: sekunde tatu kwenda, sekunde tatu kurudi. Tangi halizidi lita 60, na nusu yake imeliwa na kasri la plastiki. Mwilini ana vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani, na kila akipita karibu na kasri anajisugua ubavu.

Nikamwambia dada wa mapokezi, kwa upole ambao bado najisifu nao: "Samahani dada, huyu samaki anaumwa."

Akachungulia, akatabasamu. "Hao hufa hufa. Huyo ni wa tatu tangu Pasaka. Lakini si ghali, tunaletewa mwingine."

Si ghali! Niliketi na lile shavu langu lililovimba, nikaona afadhali hata jino.

Kangaja wa aina ile wapo kwenye miamba yetu hapa pwani. Kenya inauza nje samaki wa mapambo, na kabla ya samaki kufika kwenye karatasi za uwanja wa ndege kuna kijana aliyepiga mbizi na vyavu viwili vidogo, akamfukuza polepole kuzunguka jabali mpaka akamkwamisha. Anayewavua anajua kazi: kangaja ana kisu shinani mwa mkia, ukimshika ovyo anakuchana kiganja. Huko Ulaya samaki huyohuyo bei yake humfanya mnunuzi afikiri mara mbili. Hapa kwetu, kwa kuwa ametoka karibu, ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi anafanywa ua la kwenye chupa. Likinyauka unachuma jingine.

Sasa ngoja niseme lile ninalolisema kila mara hadi jamaa zangu wananikimbia. Tangi jipya ni sumu. Halijalishi kioo kiling'aa kiasi gani na taa ilitoka wapi. Samaki anatoa amonia kwa mashavu yake, chakula kilichobaki kinaoza na kutoa amonia, na katika tangi la wiki moja hakuna wa kuila. Wanaoila ni bakteria, na bakteria hawanunuliwi wakaja na boda boda wakaanza kazi jioni hiyo. Hukaa kwenye mawe, huzaana kwa mwendo wao. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo si kitu cha kuchezea. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo angalau samaki huivumilia. Shughuli hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Wiki zote hizo wewe una tangi la mawe na maji, taa inawaka, pampu inakula stima, na wageni wanauliza samaki wako wapi.

Hapo ndipo watu wanaposhindwa. Nami nilishindwa. Tangi langu la kwanza lilikuwa Mombasa, na nilijiona mjanja kwa sababu sikuhitaji kununua chumvi. Nilikwenda Nyali na mitungi ya lita 20 maji yakiwa yamejaa, nikateka maji ya bahari yenyewe. Nilijua hata kuyakwepa maji ya mkono wa bahari wa Tudor na maji ya baada ya mvua za masika, yale yanayopungua chumvi. Fundi kweli. Siku ya tatu nikatia vitatange wawili. Niliamini maji ya bahari ni maji ya bahari. Sikujua kwamba baharini kinachomlinda kitatange ni ule mwamba wote unaofanya kazi usiku na mchana, nami nilikuwa nimeteka maji nikauacha mwamba. Wa kwanza alikufa siku ya sita, wa pili siku ya nane. Tena walikuwa aina isiyokula ila matumbawe, kwa hiyo hata amonia ingewasamehe, njaa isingewasamehe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na hainunuliwi dukani: asiyeweza kukaa mwezi na nusu akitazama mawe, asinunue samaki. Anunue picha. Kuna picha nzuri sana siku hizi.

Mengine nitayapitia haraka. Kangaja wa buluu asikae chini ya lita 500, na hata humo si samaki wa mtu anayeanza. Vidoa vyeupe havitibiwi kwa shaba ndani ya tangi lenye matumbawe na kamba, utawamaliza wote. Mgonjwa ana chumba chake, tangi la pembeni. Na yule samaki mdogo msafishaji anayewachokoa wenzake vijidudu, mwacheni kwenye mwamba, ana wateja wake huko.

Nilipohamia Nairobi ndipo nilianza kununua chumvi, ya ndoo, ya kukoroga na maji ya RO, yale yaliyochujwa yakabaki matupu, mpaka refraktomita, kile kipimo cha chumvi, isome 35 kama bahari. Mjomba wangu ni mvuvi wa Shimoni. Alipokuja kututembelea akaikuta ile ndoo, akaisoma, akaigeuza, akaniuliza bei. Nikamwambia. Alikaa chini. "Mjomba, unanunua chumvi ya bahari?" Nikasema naam. "Ukitia ndani ya maji?" Naam. "Halafu samaki humli?" Alicheka mpaka akatoa leso. Mpaka leo nikipiga simu Shimoni, kabla sijamaliza "shikamoo" naulizwa kama chumvi imepanda bei.

Lakini ni yeye huyo aliyekaa saa nzima mbele ya tangi baada ya Isha, kimya, akimtazama konokono akipanda kioo. Akasema miaka yote amewaona samaki hawa mara mbili tu: kwa haraka wakiwa majini, na kwa utulivu wakiwa wamekufa.

Mtu ataniambia mimi ni mnafiki. Samaki wangu nao walitoka baharini. Sawa, nakubali, shingo upande. Wengine wataka biashara yote ipigwe marufuku, na kuna siku, kama ile ya kliniki, natamani kuwaunga mkono. Kisha nakumbuka kwamba kijana wa vyavu viwili anaacha jabali likiwa zima, na familia yake inakula. Tena si yeye aliyeipasha bahari joto. Tangi langu likizidi nyuzi 30 matumbawe huanza kupauka mbele ya macho yangu, nami nazima taa na kuwasha feni. Mwaka 1998 bahari yetu yote ilifanya hivyo na hakukuwa na wa kuwasha feni. Mjomba husema mwamba ulivaa sanda. Sisi wa matangi hatukuleta hilo, wala hatutalimaliza, na anayejisifu kwamba tangi la sebuleni linaokoa bahari anapenda tu kujisikia.

Ninachokataa ni ule mkono mwepesi. Aprili mwaka jana stima ilipotea saa tano usiku, mvua imekaza. Niliamshwa na kimya, pampu zimenyamaza. Nilipofika sebuleni samaki wote walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji. Pampu ya betri ilikuwepo. Betri zake zilikuwa ndani ya gari la kuchezea la mwanangu, nalo gari halikujulikana liko wapi. Nikachukua kikombe cha chai, nikawa nateka maji na kuyamimina kutoka juu, nateka namimina, kama mtu anayempozea mtoto chai, ili hewa iingie. Saa nane mke wangu akatoka chumbani. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mitatu ameliita tangi lile "mke mwenzangu". Alinitazama, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha pili. Tulimimina mpaka saa kumi na nusu. Tulipoteza samaki mmoja, mkubwa kuliko wote.

Kliniki hufungwa saa kumi na moja jioni. Ijumaa ikifungwa, imefungwa mpaka Jumatatu. Stima ikipotea Jumamosi usiku, yule kangaja atamiminiwa na nani?

Jumanne narudi kuzibwa jino. Kipimo cha amonia nimeshakitia mfukoni mwa koti, na kabla sijampa daktari mdomo wangu nitamwomba yule dada nusu kikombe cha maji ya tangi.